Paka wa mtaani mwenye ugonjwa wa ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali wanayorudia watu waliomkuta paka asiye na mwenyewe, manyoya yamenyonyoka, masikio yameota magaga, anajikuna hadi damu. Majibu ni ya mtu asiye daktari. Magonjwa mengi ya ngozi ya paka yanatibika, hata yale yanayotisha kuyatazama. Kinachosikitisha ni idadi ya paka wanaodhurika kwa kitu walichopakwa na mtu mwenye huruma kabla hajajua wanaumwa nini.

## Kabla ya kumgusa

Nimemwona paka ananyonyoka manyoya. Nianze na nini?

Anza kwa kumtazama. Mwekee chakula mahali pamoja, saa ile ile kila siku, kisha kaa mbali kidogo umwangalie akila. Ugonjwa umeanzia wapi: masikioni, usoni, mgongoni karibu na mkia, miguuni? Anajikuna muda wote au hajali? Ngozi iliyoachwa wazi ni laini, ina magaga makavu, au ina majimaji? Mpige picha kwa simu leo, na tena baada ya siku chache. Daktari wa mifugo akiziona picha hizo atapata nusu ya maelezo anayoyahitaji.

Ulizia majirani pia. Paka anayeonekana hana kwao huenda analishwa na nyumba mbili tatu, na mmoja wao ameshaanza kumpa dawa. Akipewa tena bila kujua, dozi zinajumlishana mwilini.

Dalili gani zinamaanisha asisubiri?

Apelekwe siku hiyo hiyo akiwa hali kabisa, anahema mdomo wazi, ufizi umekuwa mweupe, macho yamezibwa na magaga, ana uvimbe wa moto unaotoa usaha, ana funza kidondoni, au anatetemeka na kuyumba. Kutokula ni jambo zito kwa paka kuliko kwa mbwa: akikaa siku mbili tatu bila chakula, ini lake linaweza kujaa mafuta na kushindwa kazi, hasa kama alikuwa mnene.

Paka aliyebadilika ghafla akawa mkali bila sababu, anayetokwa mate mengi au anayeburuta miguu, usimguse. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa, ambacho hushika paka pia. Watoe watoto eneo hilo na uwaite maofisa wa mifugo.

Anaweza kuniambukiza?

Inategemea. Mapunye huhama kutoka paka kwenda kwa binadamu kwa urahisi. Utitiri wa upele wa paka unaweza kukuwasha na kukutoa vipele, ila hauwezi kuendelea kuzaana kwenye ngozi ya mtu, kwa hiyo muwasho huisha paka akishatibiwa. Viroboto watakuuma. Mzio na jipu havihami.

Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, na osha mikono kwa sabuni kila umalizapo. Mtoto mdogo, mzee dhaifu, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka amwachie mwingine kazi hii.

Hashikiki. Nitamkamataje?

Usimkimbize. Ukimfukuza mara moja umejipunguzia wiki za kuaminiwa. Tafuta kasha la kubebea paka, liweke wazi pale anapolia chakula, na kila siku sogeza bakuli ndani zaidi hadi azoee kuingia mwili mzima. Siku ya safari, funga mlango kwa utulivu, kisha funika kasha lote kwa kitambaa. Giza humtuliza.

Kama haingii kabisa, mashirika ya wanyama na baadhi ya madaktari huazima mitego ya kasha inayojifunga yenyewe. Mnyime chakula kwa nusu siku kabla ya kutega, na waombe wanaomlisha wengine wafanye hivyo, la sivyo hatakuwa na njaa ya kuingia. Usimwache mtegoni bila mtu wa kumwangalia. Na kama ni jike lenye maziwa, kuna watoto mahali fulani: watafute kwanza.

## Kujua anaumwa nini

Ugonjwa upi huu?

Kwa macho tu hutapata uhakika, hata daktari hakisii. Lakini mahali ugonjwa ulipo panasema mengi.

Magaga mazito ya kijivu yaliyoanzia kwenye kingo za masikio, yakashuka usoni na shingoni, na paka anajikuna kama aliyeungua, mara nyingi ni upele wa paka unaoletwa na utitiri uitwao *Notoedres cati*. Ngozi hunenepa na kukunjamana hadi paka mchanga anafanana na kizee. Baadaye hufika miguuni na karibu na mkia, kwa sababu paka hulala amejikunja na hujisafisha kwa miguu ile ile. Ukiachwa, humdhoofisha hadi kufa. Ukitibiwa, hupona vizuri sana.

Nyonyoko na vipele vidogo mgongoni, hasa juu ya mkia, huelekeza kwa viroboto. Wapo paka wenye mzio wa mate ya kiroboto, na kwao viroboto wachache tu wanatosha kuwatoa vidonda. Chana manyoya kwa kitana chenye meno ya kubanana, uangushe uchafu wake kwenye karatasi nyeupe iliyoloana: punje nyeusi zikitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyomeng'enywa.

Uchafu mweusi mkavu ndani ya sikio, kama unga wa kahawa iliyokwisha kupikwa, na paka anatikisa kichwa: utitiri wa masikio. Uvimbe mmoja unaouma, mara nyingi shavuni, mguuni au chini ya mkia, kwa dume lisilohasiwa: jipu la kuumwa na paka mwenzake. Mba nyingi mgongoni zinazoonekana kama zinatembea: utitiri mwingine, uitwao *Cheyletiella*.

Ncha ya sikio moja iliyokatwa moja kwa moja, bila kidonda, si ugonjwa. Ni alama kwamba paka huyo alishafungwa uzazi.

Mapunye na upele vinatofautianaje?

Swali hili ndilo linalowachanganya wengi, na kulikosea kuna gharama kwa sababu dawa zake hazifanani. Mapunye ni fangasi, mara nyingi *Microsporum canis*. Manyoya hukatika na kuacha mabaka, pengine ya mviringo, yenye mba kidogo, kichwani, masikioni au miguuni. Mara nyingi hayawashi sana. Paka mzima anaweza kubeba vimelea hivyo bila alama yoyote mwilini. Upele huwasha vibaya, na magaga yake ni mazito.

Daktari akiwa na taa ya Wood, yaani taa ya mwanga wa urujuanimno, ataangalia gizani: manyoya yaliyoshikwa na *Microsporum canis* mara nyingi hung'aa kijani kibichi. Yasipong'aa haimaanishi hana mapunye. Kipimo cha kuotesha fangasi ni bora zaidi, ila majibu yake huchukua wiki mbili hadi tatu.

Nikimpeleka kwa daktari, atafanya nini?

Ziara ya kwanza ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Atakwangua ngozi kidogo na kutazama kwa darubini kama kuna utitiri, atang'oa manyoya machache kwa ajili ya fangasi, atachungulia masikio na kumpima uzito. Uzito ndio unaoamua dozi, kwa hiyo usikubali dawa ya kukisia.

Akitaka kumdunga sindano ya steroidi ili apunguze muwasho, uliza kwa upole kama mapunye na jipu vimeshaondolewa kwenye orodha. Steroidi hushusha kinga, na fangasi hustawi hapo.

## Dawa, na vitu vinavyoitwa dawa

Naweza kumpaka oli chafu ya gari, mafuta ya taa au dawa ya kusafishia vidonda vya watu?

Hapana, hata kidogo tu, hata kama umesikia fulani alipona.

Paka hujilamba. Chochote kilichoko kwenye manyoya kitakuwa tumboni kabla ya jioni. Tena ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya ambavyo wanyama wengine huvitumia kuvunja sumu nyingi, ndiyo maana kitu ambacho mbwa anakivumilia kinaweza kumwua paka. Oli chafu ina metali na mabaki ya kuungua. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na yakiingia mapafuni huleta nimonia. Dawa za kuua vijidudu za jamii ya fenoli, zile zinazogeuka maziwa zikichanganywa na maji, huunguza ulimi na ngozi. Mafuta ya mti wa chai, yanayosifiwa kwa kuwa ni ya asili, ni sumu kwa paka.

Ongeza hapo paracetamoli. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumwua paka, na wapo wanaompa kwa sababu wanamwona ana maumivu.

Kama ameshapakwa kitu cha namna hiyo, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, mkaushe, mzuie asijilambe, na mpeleke kwa daktari pamoja na chupa au jina la kitu chenyewe. Usimlazimishe kutapika.

Nina dawa ya viroboto ya mbwa. Si nipunguze tu kipimo?

Soma kopo. Kama limeandikwa permethrini, usiitumie kwa kipimo chochote. Humletea paka mtetemeko na degedege ndani ya saa chache, na hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa kunaweza kutosha. Nimeiweka peke yake kwa sababu ni kosa linalofanywa na watu waangalifu kabisa, waliokwenda dukani na kununua dawa halisi ya wanyama.

Na ivermectini ya ng'ombe?

Ivermectini hutibu upele wa paka kweli, na madaktari wengi huitumia. Shida ni kipimo. Dawa ya sindano ya mifugo mara nyingi ina miligramu 10 katika kila mililita, na paka wa kilo 3 huhitaji chini ya sehemu ya kumi ya mililita moja. Kosa dogo la bomba la sindano ni dozi maradufu. Akizidishiwa huyumba, hupoteza uwezo wa kuona, huzimia, na hakuna kitu cha kuigeuza dawa hiyo. Kuna kumhudumia tu hadi itoke mwilini. Paka wachanga ndio walio hatarini zaidi. Mwachie daktari adunge.

Basi dawa sahihi ni ipi?

Kwa upele, utitiri wa masikio na viroboto, matone ya kudondoshea ngozini nyuma ya shingo ndiyo rahisi kuliko yote. Selamectini, au mchanganyiko wa imidakloprid na moxidectini, huenea mwilini kutoka pale, mahali ambapo ulimi haufiki. Chagua pakiti iliyoandikwa ya paka na ya uzito wake.

Mapunye hutaka dawa ya kunywa, mara nyingi itrakonazoli, pamoja na kuoshwa mwili mzima mara mbili kwa wiki kwa shampuu yenye mikonazoli na klorheksidini, au kuchovywa kwenye dawa ya chokaa na salfa iliyotengenezwa kitaalamu. Hii ya pili inanuka mayai yaliyooza na inatia manyoya rangi ya manjano, lakini inafanya kazi. Krimu ya fangasi ya binadamu kwenye baka moja haitoshi, maana vimelea wapo hata kwenye manyoya yanayoonekana mazima.

Jipu hupasuliwa, hukamuliwa na kuoshwa na daktari, kisha paka hupewa antibayotiki za kumaliza zote.

Nimwogeshe?

Kama daktari hajasema, acha. Paka wa mtaani aliyekonda akiloweshwa anapata baridi na hofu, na imani uliyoijenga inaondoka. Magaga usiyabandue kwa kucha. Dawa ikifanya kazi yatadondoka yenyewe.

Nitamtibuje ambaye bado hakubali kushikwa?

Hapa ndipo saa ile ile ya chakula inapolipa. Dawa nyingine za kunywa zinaweza kufichwa kwenye kijiko cha chakula laini chenye harufu kali, apewe kwanza akiwa na njaa, kisha ndipo ale mlo wenyewe. Hakikisha ni yeye aliyekula, si jirani yake. Matone ya shingoni yanaweza kudondoshwa akiwa ameinamia bakuli, kama anakubali ukaribu wa mkono. Mweleze daktari hali halisi ili achague dawa ya dozi chache. Kozi ya kidonge mara mbili kwa siku kwa paka anayekuja anapotaka haitakamilika.

Atapona baada ya muda gani?

Muwasho wa upele hupungua ndani ya siku chache, magaga huanza kuanguka katika wiki ya kwanza au ya pili, na manyoya hurudi katika wiki na miezi inayofuata. Dozi hurudiwa kwa sababu mayai ya utitiri hayafi kwa dawa ya kwanza. Wengi huishia njiani hapa: paka anapendeza, dozi ya pili inasahaulika, ugonjwa unarudi. Mapunye huchukua wiki nyingi, na kipimo ndicho kinachosema yamekwisha.

Chakula kinasaidia?

Sana. Ngozi na manyoya hula sehemu kubwa ya protini ya mwili, na paka lazima apate nyama au chakula kamili cha paka. Wali na ugali mtupu havimjengi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima. Aliyekonda sana apewe kidogo kidogo mara nyingi. Chakula kizuri peke yake hakitaua utitiri.

## Ukimleta nyumbani

Nina paka wengine. Nimweke wapi?

Chumba chake, bakuli zake, mchanga wake, nguo yako ya kuingilia humo. Bafu au stoo yenye sakafu ya kufutika inafaa kuliko chumba chenye zulia. Mhudumie yeye mwisho, baada ya paka wako. Akithibitika ana upele au viroboto, paka na mbwa wote wa nyumbani wapewe dawa zao siku moja, kila mnyama na dawa ya aina yake. Kabla ya kuwakutanisha, uliza pia kipimo cha FIV na FeLV, virusi vya paka vinavyoshusha kinga ya mwili.

Nisafishe vipi?

Utitiri wa upele hauishi muda mrefu nje ya mwili; fua matandiko na inatosha. Viroboto ni habari nyingine, kwani mayai, mabuu na vifukofuko vyao viko kwenye zulia na nyufa kuliko mwilini mwa paka. Fagia na kufyonza vumbi mara kwa mara kwa wiki kadhaa.

Mapunye ndiyo sugu. Vijimbegu vyake vinaweza kukaa kwenye manyoya yaliyodondoka kwa mwaka na zaidi. Kwanza ondoa kila unyoya, osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini ya kufulia iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, paka akiwa nje ya chumba. Usiichanganye na kisafishaji kingine, na kamwe usimpake paka.

Mwanangu ametoka duara jekundu mkononi.

Mpeleke kituo cha afya na useme wazi kwamba kuna paka mwenye mapunye nyumbani. Kwa ngozi ya mwili, krimu ya fangasi kwa kawaida inatosha. Yakiwa kichwani huhitaji dawa ya kunywa. Hakuna sababu ya kumtupa paka. Wote wawili watibiwe pamoja.

Ameniuma au amenikwaruza.

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Jino la paka ni jembamba, hupenya ndani na kufunga bakteria chini ya ngozi. Pale ambapo kichaa cha mbwa kipo, chanjo huanza mara moja, na kama paka anaweza kuzuiwa huangaliwa kwa siku 10. Usisubiri uone dalili, kwa sababu zikishaonekana kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Ulizia pia chanjo ya pepopunda.

## Hali zisizo za kawaida

Ni kitoto, na kimejaa viroboto.

Viroboto wengi hunyonya damu ya kitoto hadi kufa. Matone mengi hayaruhusiwi chini ya umri wa wiki 8. Kioshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, ukianzia shingoni ili viroboto wasikimbilie usoni, chana kwa kitana, kaushe kabisa na ukipe joto. Ufizi mweupe ni dharura.

Ni jike lenye mimba au linalonyonyesha.

Mwambie daktari kabla ya dozi yoyote. Selamectini hutumika kwa majike hao. Griseofulvini, dawa ya zamani ya mapunye, huharibu watoto tumboni, na itrakonazoli nayo huepukwa.

Kidonda cha pua au sikio hakiponi licha ya dawa.

Acha kubadilisha krimu. Kwa paka mweupe, magaga yanayotoa damu kwenye ncha za masikio au puani yanaweza kuwa saratani ya ngozi itokanayo na jua. Ikiwahiwa, kukata ncha ya sikio kunaweza kumponya.

Vidonda vingi vya pua, uso na miguu vinavyochimbika vinaweza kuwa sporotrikosi. Fangasi *Sporothrix brasiliensis* imeenea sana kwa paka wa Brazil tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na huingia kwa binadamu kupitia mikwaruzo na kuumwa. Mshike kwa glavu tu hadi apimwe.

Amepona. Nimrudishe alikokuwa?

Kama anaogopa watu na eneo lake lina mtu wa kumlisha, ndiyo, akiwa ameshachanjwa na kufungwa uzazi. Dume lililohasiwa hupigana kidogo, na majipu hupungua. Kama sasa anakuja kukusugua miguuni, mtafutie nyumba. Ukimrudisha, endelea na saa ile ile ya chakula na umtazame masikio: wenzake wa pale wakiwa na upele, watamwambukiza tena, na kazi itakayobaki ni kuwakamata na wao mmoja mmoja.